Jinsi ya kusoma barua za Mfalme Afonso wa Kongo kama chanzo cha historia, mwongozo kamili

Ile posti inayozunguka mitandaoni kwamba mwaka 1526 mfalme wa Kongo alimwandikia mfalme wa Ureno akikataa biashara ya watumwa, sio uongo. Barua ipo kweli, ya tarehe 6 Julai 1526. Shida ni kwamba tarehe 18 Oktoba mwaka huohuo, yaani miezi mitatu na kitu tu mbele, mfalme huyohuyo akaandika nyingine ambayo inaruhusu watumwa waendelee kusafirishwa ila kwa masharti yake, na hiyo hakuna anayeiposti. Na ukienda mpaka 1540 unakuta kitu kingine kabisa. Sasa hapo ndo watu wanaanza kugombana kwenye komenti, huyu anasema shujaa yule anasema msaliti, na wote wamesoma barua moja moja, tena kipande.

Kwa hiyo hapa nitaeleza mi naona barua za mtawala zisomweje, hatua kwa hatua, kwa kutumia huyu Afonso, jina lake la kwao Mvemba a Nzinga. Kwa ufupi tu: baba yake Nzinga a Nkuwu alibatizwa 1491 akaitwa João, yeye akashika ufalme 1509 (vitabu vya zamani utakuta 1506, usishtuke) baada ya kupigana na ndugu yake, akatawala mpaka mwishoni mwa 1542 au mwanzoni mwa 1543 hivi. Mji mkuu wake ni Mbanza Kongo, uko kaskazini ya Angola ya leo, na tangu 2017 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Barua zake zilizobaki ni zaidi ya 20, zimeandikwa kwa Kireno, na ni kati ya maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo ya mtawala wa Afrika ya kati akisema mwenyewe. Au "mwenyewe", tutaliona hilo mbele.

Hatua ya 1: kuja na swali, usije mikono mitupu

Ukifungua barua za mfalme bila swali utaishia kunukuu sentensi tamu. Andika swali lako kwenye karatasi kabla hujafungua chochote, na liwe dogo. "Afonso alikuwa mtu mzuri?" sio swali la historia. "Afonso alikuwa anamlalamikia nani hasa, mfalme wa Ureno au Wareno wa kisiwa cha São Tomé?" hilo ni swali, na barua zinaweza kulijibu. "Nani alikuwa anauzwa na nani alikuwa na haki ya kuamua?" nalo zuri. Swali likiwa dogo hata barua inayoonekana ya kuchosha, ya kuomba divai na unga wa hostia (mkate wa misa), inaanza kuongea.

Hatua ya 2: jiulize kwa nini barua hii ipo mpaka leo

Watu wengi wanairuka hii na ndio inayoamua kila kitu.

Barua za Afonso zimebaki kwa sababu zilifika Lisbon na Wareno wakaziweka. Leo ziko kwenye jumba la nyaraka la taifa la Ureno, Torre do Tombo, nyingi kwenye mkusanyo unaoitwa Corpo Cronológico wenye hati zaidi ya 80,000. Upande wa Kongo wenyewe karibu hakuna kitu, na Mbanza Kongo iliharibiwa vibaya kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1678. Maana yake unasikia upande mmoja wa simu. Alichowaandikia machifu wake, alichoamuru kwa mdomo, alichokubaliana na wakwe zake, hivyo vyote havimo. Ukisoma barua tu utadhani Afonso aliamka kila siku akiwaza Ureno, wakati alikuwa na ufalme mkubwa wa kuendesha na Wareno walikuwa jambo moja kati ya mengi.

Afu kuna hili la pili. Lile tetemeko la Lisbon la 1755 liliangusha mnara uliokuwa na nyaraka, zikaokolewa kwenye kifusi, na baadae Corpo Cronológico ikapangwa kwa kufuata tarehe. Inasaidia kutafuta, ndio, lakini karatasi zilizokuwa pamoja zikaweza kutenganishwa, barua huku na viambatisho vyake kule. Kwa hiyo ukikuta barua inasema "kama nilivyoeleza kwenye maagizo niliyompa mjumbe" na maagizo huyaoni, usiseme hayakuwepo.

Hatua ya 3: pata matini yenyewe, sio nukuu ya nukuu

Nukuu nyingi za Kiswahili na za Kiingereza huko mtandaoni zinatoka kwenye tafsiri fupi fupi zilizokatwa, mtu kachukua aya mbili kaacha sita. Usifanyie kazi hizo. Matoleo ya kutafuta ni haya: Paiva Manso alichapisha hati za Kongo 1877, zimo humo. Padri António Brásio akaanza 1952 kutoa mfululizo mkubwa wa Monumenta Missionaria Africana, na buku la kwanza ndilo lenye sehemu kubwa ya barua za Afonso kwa Kireno cha asili, hilo ndilo wanahistoria wengi wanalitaja. Kwa wanaosoma Kifaransa kuna la Louis Jadin na Mireille Dicorato, 1974, lenye barua peke yake. Na kwa Kiingereza John Thornton ametoa 2023 kitabu cha maisha ya Afonso pamoja na barua zake zilizotafsiriwa upya.

Kireno hukijui? Sio mwisho wa dunia. Soma tafsiri, lakini weka Kireno pembeni na kwa kila neno linalobeba hoja yako (mtumwa, huru, ndugu, biashara, bidhaa) rudi uangalie kilichoandikwa. Kireno cha miaka ile spelling yake ni vurugu, Kongo utaiona Comgo, na vifupisho kama V.A. yaani Mtukufu mfalme. Programu za kutafsiri zinachanganyikiwa sana na hicho Kireno, usiziamini kwa sentensi ndefu, na sentensi zake ni ndefu kweli.

Hatua ya 4: tengeneza jedwali

Eksel au daftari, yoyote. Mstari mmoja kwa kila barua, na safu hizi: tarehe, mahali ilipoandikwa, inaenda kwa nani, karani ni nani, mjumbe ni nani, anaomba nini, analalamikia nini, anajisifia nini, ni asili au nakala, na ukurasa kwenye toleo lako. Hiyo ya "anajisifia nini" usiiache, wengi hawaiweki na ndio inakuonyesha mfalme anataka kuonekanaje.

Ukishajaza hata barua kumi utaona mwenyewe vitu ambavyo hakuna kitabu kilikuambia. Utaona kuna miaka barua zimerundikana, kama 1526, na kuna miaka kimya kabisa. Ukimya usiujaze na stori zako. Inawezekana hakuandika, inawezekana aliandika zikapotea, na inawezekana zilizuiwa njiani, hili la mwisho Afonso mwenyewe anamlaumu nalo Mreno wa São Tomé.

Hatua ya 5: nani alishika kalamu

Chini ya barua za 1526 kuna jina la karani, João Teixeira. Jina la Kireno lakini alikuwa Mkongo, msomi wa shule za Afonso. Hii inafuta kabisa ile dhana kwamba mapadri wa kizungu ndio walikuwa wanamwandikia na kumwekea maneno mdomoni. Lakini usiruke upande wa pili ukasema kila neno ni la Afonso. Karani anajua namna barua ya kifalme inavyoanza na kuisha, anajua misemo ya dini inayotakiwa, na sehemu ya unyenyekevu wote ule wa "nabusu mikono yako" ni fomula tu, adabu ya uandishi ya wakati ule. Kwa hiyo kata fomula kwanza. Chukua barua tatu, weka alama kila sentensi inayojirudia karibu vilevile kwenye zote, hizo ziweke pembeni. Kinachobaki ndio habari ya siku hiyo.

Ila fomula nazo zikibadilika, simama. Angalia cheo anachojipa. Kwenye barua za mwanzo ni mfalme wa Kongo na bwana wa Waambundu (watu wa kusini mwa Kongo), basi. Kwenye barua ya 1535 kwa Papa Paulo wa Tatu cheo kimekuwa kirefu, kinataja Kakongo na Ngoyo, Angola, Matamba, Waanziku na wengine, huku na huku ya mto Zaire (ndio mto Kongo), kwa mtindo uleule ambao wafalme wa Ureno walikuwa wanajitajia nchi zao. Je alizitawala zote? Hapana, zingine ni madai, zingine labda walileta zawadi mara moja. Lakini dai lenyewe ni ushahidi: anamwambia Papa kwamba yeye ni mfalme wa hadhi sawa na wa Lisbon. Barua inaweza kuwa ushahidi dhaifu wa mipaka ya nchi na ushahidi mzuri sana wa mfalme alitaka aonekane nani, kwa sentensi ileile.

Hatua ya 6: fuata njia ya barua

Barua ilitoka Mbanza Kongo, ikashuka mpaka bandari ya Mpinda kwenye mdomo wa mto, ikapanda meli, mara nyingi ikapitia kisiwa cha São Tomé, ndio ikaenda Lisbon. Miezi mingi. Na São Tomé ndio palikuwa na wafanyabiashara wa watumwa wenyewe, na bwana wa kisiwa, Fernão de Mello, ambaye Afonso anamlalamikia kwenye barua ndefu ya tarehe 5 Oktoba 1514. Yaani barua ya kumshtaki mtu inapita mlangoni kwa huyohuyo mtu. Ndio maana 1514 na baadae Afonso anarudia kuomba meli yake mwenyewe. Ukisoma ombi la meli bila kujua njia utadhani ni tamaa ya mfalme kutaka vitu vya kifahari.

Na angalia anayeandikiwa. Mfalme Manuel wa Ureno alikufa Desemba 1521, akaingia mwanawe João wa Tatu. Kwa Manuel, Afonso anaandika kwa mtu aliyemtumia 1512 maagizo na zawadi na ahadi nyingi, kwa João anaandika kwa mtu mpya ambaye inabidi akumbushwe kila kitu. Toni inabadilika, wala huhitaji kuwa mtaalamu kuiona.

Hatua ya 7: tafuta ombi, kisha soma malalamiko upya

Karibu kila barua ya mtawala kwa mtawala inataka kitu. Kitafute kabla ya yote, hata kama kiko mwishoni kabisa, kisha rudi juu usome malalamiko ukiwa unajua yanajenga nini. Mfano Oktoba 1526 anaomba madaktari, wawili wa tiba na wawili wa dawa na mmoja wa upasuaji. Kabla ya ombi anaeleza magonjwa yanavyowamaliza watu na jinsi wakikosa tiba wanarudi kwa waganga wa jadi. Je ugonjwa ulikuwepo? Bila shaka. Je hilo la watu kurudia mila za zamani limewekwa pale kwa sababu ndio linalomuuma mfalme Mkristo wa Lisbon? Nalo bila shaka. Vyote viwili kwa pamoja, usichague kimoja.

Hatua ya 8: soma kwa mfululizo, hapa ndo kazi ilipo

Turudi kwenye zile za 1526. Kaa nazo taratibu.

Ya Julai inaanza kwa kusema nchi inapotea. Kwa nini inapotea? Ukisoma kwa haraka utajibu "watumwa", lakini sababu ya kwanza anayoitoa ni kwamba wafanyabiashara wamepewa uhuru kupita kiasi, wanaleta bidhaa kwa wingi, na watu waliokuwa chini yake sasa wana mali nyingi kuliko yeye, hawamtii tena. Ndipo anakuja kwenye wizi wa watu: wanakamatwa wenyeji huru, watoto wa wakubwa, mpaka ndugu zake mfalme. Halafu anasema asiletewe wafanyabiashara wala bidhaa, anachohitaji ni mapadri na walimu wachache pamoja na divai na unga kwa ajili ya misa, na kwamba ni matakwa yake kusiwe na biashara ya watumwa kwenye falme zake. Hiyo sentensi ni kweli imo, wala sio ya kuipunguza makali.

Ya Oktoba inaendeleza palepale kwenye wizi wa watu, wanaibwa usiku, wanapigwa chapa ya moto. Lakini dawa imebadilika. Sasa kuna utaratibu: mzungu yeyote anayenunua mtu lazima kwanza awaarifu wakuu watatu wa mfalme, Dom Pedro Manipunzo, Dom Manuel Manisaba na Gonçalo Pires, wachunguze kama huyo ni mtumwa kweli au mtu huru. Akithibitika ni mtumwa, aende. Mnunuzi asipofuata, ananyang'anywa. Na Afonso anaongeza kwamba anaruhusu hivi kwa sababu ya maslahi ya mfalme wa Ureno mwenyewe kwenye biashara hiyo, vinginevyo asingekubali.

Kati ya Julai na Oktoba kimetokea nini? Barua hazisemi. Tunachokiona ni mtu aliyedai kufunga, kisha akaishia kusimamia. Na ukiziweka pamoja unaona kitu ambacho hakikubadilika kabisa: anatetea watu huru wa Kongo wasiuzwe, na anatetea haki yake yeye ya kuamua nani anauzwa na bidhaa zipite kwa nani. Utumwa wenyewe hakuupinga kokote. Kwenye ile ya 1514 humo anaeleza mwenyewe jinsi alivyotoa watumwa na vikuku vya shaba kwa Wareno, na mateka wa vita vyake dhidi ya Waambundu, na hasira yake ni kwamba mapadri waliopewa pesa wamenunua watumwa na kukaa na wanawake badala ya kufundisha.

Sasa nenda Desemba 1540. Anamwambia João kwamba ukiweka Guinea yote (wakati ule maana yake pwani ya Afrika magharibi, sio nchi ya leo) upande mmoja na Kongo peke yake upande wa pili, Kongo inaingiza zaidi, na kwamba hakuna mfalme wa pande zile anayewatunza Wareno na kuisaidia biashara yao kama yeye, anafungua masoko na barabara mpaka Mpumbu kunakouzwa watumwa. Ndio, mtu yuleyule wa posti ile. Na mwezi huohuo analeta mashtaka kwamba Wareno walijaribu kumuua kwa bunduki kanisani, siku ya Pasaka, akiwa kwenye misa. Mtu anayejisifia biashara na anayelalamika kutaka kuuawa na haohao washirika, kwa mwezi mmoja, ukimpa lebo moja ya shujaa au msaliti umeshampoteza.

Jibu la João la 1529 hivi nalo lipo, lisome pamoja. Anasema ameambiwa Kongo ina watu wengi kiasi kwamba ni kama hakuna mtumwa aliyewahi kutoka, na kwamba bila biashara heshima ya Kongo itashuka. Hapo unajua barua ya Julai ilisomwaje Lisbon, na kwa nini 1540 Afonso anajitetea kwa lugha ya mapato. Alishajifunza anayemwandikia anasikia nini.

Hatua ya 9: linganisha na wengine, hasa kwenye namba

Afonso 1514 anasema alijenga ukuta mkubwa wenye miiba juu ili vijana 400 wa shule wasitoroke. Padri Rui de Aguiar, akiandika kutoka Kongo Mei 1516, anataja wanafunzi zaidi ya 1,000. Miaka miwili tu. Shule zimeongezeka? Padri anapamba? Mfalme alikuwa anahesabu shule moja? Mimi ningeandika namba zote mbili na kusema nani kasema nini kwa sababu gani, nisingetafuta wastani. Halafu angalia hiyo miiba: anayejisifia shule anakuambia bila kukusudia kwamba wanafunzi walikuwa wanataka kukimbia. Vitu vya namna hii, vinavyomponyoka mwandishi wakati anaongelea jambo lingine, viamini kuliko vile anavyovisisitiza.

Aguiar huyohuyo anamsifu Afonso kwamba anasoma mpaka analala juu ya vitabu. Inapendeza, lakini ni padri anaripoti kwa bosi wake kwamba misheni inafanikiwa. Mapokeo ya mdomo ya Kongo yaliyoandikwa karne za baadae nayo yatumie, ila kwa kujua yalisimuliwa na koo zilizokuwa zinagombania kiti.

Hatua ya 10: namna ya kuandika ulichopata

Kila unapotaja barua weka tarehe kamili, sio mwaka tu, maana umeona 1526 ya Julai na ya Oktoba sio kitu kimoja. Taja toleo na ukurasa. Usiandike "Afonso aliamini" pale unapoweza kuandika "Afonso alimwambia João", kwa sababu cha kwanza hukijui na cha pili unacho mkononi. Ukinukuu, nukuu na sentensi ya kabla na ya baada. Na kama tafsiri ya Kiswahili umeifanya mwenyewe kutoka Kiingereza, sema ni kutoka Kiingereza, mtu mwenye Kireno atakuja kukusahihisha na hiyo ni faida kwako.

Kuanza, chukua hizi tano tu: 5 Oktoba 1514, 6 Julai 1526, 18 Oktoba 1526, ya Papa ya 1535, na za Desemba 1540. Zisome kwa mpangilio huohuo, usianze na ya Julai.